Kesi ya mfungwa dhidi ya serikali: namna ya kufikisha karatasi zikasimama kortini

Mfungwa wa Kenya aweza kuishtaki serikali akiwa ndani. Katiba ya 2010, ibara ya 51, yasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo waziwazi haziwezi kwenda pamoja na kufungwa kwenyewe. Kupigwa si sehemu ya kifungo. Kunyimwa dawa ya sukari si sehemu ya kifungo. Ibara ya 22 yampa ruhusa ya kwenda Mahakama Kuu, na hata barua aliyoiandika kwa kalamu juu ya karatasi ya daftari, jaji aweza kuipokea kama petisheni, yaani ombi rasmi la kufungua kesi ya Katiba.

Ila barua haina miguu. Mwenyewe yuko nyuma ya ukuta wa jela ya Shimo la Tewa, na anaowashtaki wengine wako Nairobi, wengine wako mjini, mwengine yuko hatua chache kutoka pale anapolala. Sheria yataka kila mmoja wao apewe nakala, na ithibitike kwamba amepewa. Kazi hiyo humwangukia mke, mama, ndugu, au mtu kama mimi. Mimi ni tarishi wa mahakama mwenye leseni, hapa hapa Mombasa. Mawakili wa Nkrumah Road hunipigia simu, na ukinikuta jua la saa saba na bahasha ya kaki kwapani, jua namtafuta mtu asiyetaka kuonekana.

Naandika zaidi kwa ajili ya jamaa wa wafungwa, kwa sababu nawaona pale rejistri wakizungushwa. Wao wadhani kesi ikishapewa namba imeshaanza. Siku ya kutajwa, yaani siku kesi inapoitwa kortini ijulikane imefika wapi, jaji atauliza swali moja kabla ya yote: walalamikiwa wamefikishiwa karatasi? Kukiwa na kigugumizi, shauri laahirishwa, na mfungwa aliyekuwa akiangalia kwenye skrini kutoka jela arudi kungoja tarehe nyengine. Sheria ya kesi yake yaweza kuwa nzuri kabisa na hakuna aliyeifungua hata ukurasa.

Kwanza jua ni kesi ya aina gani

Wafungwa huandika petisheni za aina mbili na watu huzichanganya. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji yaenda kinyume na Katiba. Tangu hapo wafungwa wengi wameomba adhabu zao ziangaliwe upya. Hizo ni kesi za adhabu. Upande wa pili ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na karatasi zaenda ofisini kwake.

Lakini mfungwa akilalamikia alivyotendewa ndani, iwe kipigo, ugonjwa usiotibiwa, au kutiwa seli ya peke yake pasipo sababu, huyo hagombani na mkurugenzi wa mashtaka. Agombana na serikali, na serikali kortini husimamiwa na Mwanasheria Mkuu. Nimeshika mkononi nakala za kesi ya kipigo zenye muhuri safi wa ofisi ya mashtaka, tarehe barabara, sahihi barabara, ofisi siyo. Mama wa watu alikuwa amepanga foleni asubuhi nzima.

Na mzee wa zamani akikwambia lazima kwanza umpe Mwanasheria Mkuu notisi ya siku 30 ndipo ufungue kesi, mwambie ahsante baba, kisha uendelee. Kifungu hicho ni cha 13A katika Sheria ya Mashauri ya Serikali, na mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi ya Kenya Bus Service, ilisema chamzibia mtu njia ya kufikia haki. Kuna muda mwengine ndio wa kuogopa: madai ya kawaida ya fidia dhidi ya serikali, yasiyokuwa petisheni ya Katiba, yana miezi 12 tu tangu tukio. Muulize wakili mapema yako ni ipi.

Nani apewe, na wapi

Soma ukurasa wa kwanza wa petisheni, pale palipoorodheshwa walalamikiwa. Mara nyingi utawakuta Kamishna Jenerali wa Magereza, mkuu wa gereza, pengine Waziri wa Usalama wa Ndani, na Mwanasheria Mkuu mwenyewe. Watu huona orodha ile wakaanza kuhesabu nauli ya basi la usiku la Nairobi. Usijisumbue. Kifungu cha 13 cha sheria niliyoitaja chasema nyaraka zote za kesi ya madai zinazotakiwa kufikishiwa serikali apelekewe Mwanasheria Mkuu. Makao yake ni Sheria House, Harambee Avenue, lakini ana ofisi Mombasa, na hapo ndipo nipelekapo mimi.

Waziache saa za kazi, mkononi mwa mtu wa ofisi ile. Karani wa mapokezi atosha. Mlinzi wa jengo hatoshi, maana yeye ni wa kampuni ya ulinzi. Wala mama anayepiga deki ngazini, hata akiwa mwema namna gani. Amri ya 5 ya Kanuni za Mashauri ya Madai za 2010 yataka mtu wa ofisi hiyo yenyewe. Kila mlalamikiwa mpe nakala yake, kisha ubaki na moja ya kupigwa muhuri. Karani akisema "moja yatutosha", mwachie zote kwa upole. Siku wakili wa serikali atakaposema mteja wake wa tatu hakuona kitu, utafurahi.

Kabla hujaondoka dirishani, tazama tarehe ya muhuri. Mihuri hii mingine huzungushwa tarehe kwa kidole, na asubuhi baada ya sikukuu utakuta bado yasema Ijumaa. Omba irekebishwe papo hapo. Omba pia jina na sahihi pembeni ya muhuri, pamoja na saa. Karani mwengine atakunja uso. Simama tu.

Kuna mlalamikiwa mmoja ambaye Mwanasheria Mkuu si mlango wake, nao ni serikali ya kaunti. Mfungwa aliyepelekwa hospitali ya kaunti na kulalamikia alivyotibiwa huko, kesi yake yagusa kaunti, na kaunti ina mwanasheria wake chini ya sheria ya mwaka 2020. Karatasi zake zaenda huko, mbali na zile nyengine.

Nakala ya jela

Kwa sheria, Mwanasheria Mkuu akishapokea, serikali imepokea. Hata hivyo mimi hupeleka nakala nyengine jela kwenyewe, na nakushauri ufanye hivyo. Wakili wa serikali hawezi kujibu petisheni kutoka kichwani. Itambidi aandikie gereza, aombe daftari la zahanati, daftari la zamu, maelezo ya askari. Korti ikifika atasema "bado tunangoja maelekezo kutoka kwa mteja". Ukiwa na muhuri wa gereza wa tangu mwanzo, neno hilo halina nguvu tena.

Shimo la Tewa wafika kwa matatu za Mtwapa: wavuka Nyali Bridge, wapita Bamburi na Shanzu, washuka kabla ya daraja la Mtwapa. Jua pia kwamba pale hapana jela moja. Kuna ya wanaume, kuna ya wanawake, kuna na borstal, jela ya kurekebisha vijana, kila moja na mkuu wake. Karatasi za mwanamke aliyefungwa usiziache upande wa wanaume ukidhani watapelekeana. Jela ya Kingorani, kwa walio kisiwani, ni habari nyengine na safari fupi.

Chukua kitambulisho na leseni yako kama unayo. Simu hutaingia nayo, kwa hivyo vaa saa ya mkono na ubebe kijidaftari. Hili watu hulipuuza, kisha kwenye hati ya kiapo, ile karatasi ya kuapa kwamba ulifikisha, waandika "mnamo saa nne hivi". Korti haipendi "hivi".

Langoni mazungumzo huwa haya:

"Asalaam aleikum, afande."

"Waleikum salaam, mama. Wamtembelea nani?"

"Leo simtembelei mtu. Nina karatasi za korti za mkuu wa gereza."

"Haya, ziache hapa."

"Siwezi kuziacha langoni, afande wangu. Naomba mtu wa ofisi anipigie muhuri nakala yangu. Nikiulizwa kortini nilimpa nani, nataka nitaje ofisi, si lango."

Nikisema hivyo askari hucheka, kisha hupiga simu ndani. Hasira haisaidii pale. Yule kijana wa langoni si adui, naye ana mkubwa wake wa kumuogopa. Sema kwa adabu, kaa kwenye benchi, ngoja. Na wakikataa katakata kupiga muhuri, usirudi na karatasi. Ziache mbele ya yule aliyekataa, mwambie wazi ni karatasi za kesi namba fulani, andika jina lililo kifuani mwake kama lipo, cheo chake, saa, na maneno aliyosema. Kukataa kutia sahihi hakufuti kufikishiwa. Korti ikiridhika kwamba mtu alipewa akakataa kusaini, yaweza kutamka kuwa amefikishiwa.

Neno la pembeni, na kwangu mimi ni la maana kuliko mihuri yote: mfungwa mwenyewe asiwe ndiye wa kumkabidhi karatasi askari anayemshtaki. Najua jela zina utaratibu wa kupeleka barua za wafungwa kortini, na petisheni nyingi hufika korti kwa njia hiyo hiyo. Hiyo ni kufungua kesi. Kuwafikishia walalamikiwa ni kazi ya mtu wa nje. Ukisikia kwamba baada ya karatasi kufika ndugu yako amehamishwa seli ghafla au amenyang'anywa godoro, usinyamaze hadi siku ya kutajwa. Mwambie wakili aweke hati ya kiapo kortini upesi, kwa tarehe na majina.

Askari aliyeshtakiwa kwa jina lake

Hapa ndipo kazi huwa kazi. Ikiwa petisheni yamtaja askari kama mtu binafsi, na yataka yeye mwenyewe awajibike, usiegemee muhuri wa Mwanasheria Mkuu peke yake. Mpe mkononi.

Tatizo la kwanza ni jina. Wafungwa huwajua askari kwa lakabu, na lakabu haziandikwi kwenye samansi. Utaletewa petisheni dhidi ya "Simba" au "Mwalimu". Kabla hujachapa, mwambie mfungwa akumbuke tarehe, zamu ya asubuhi au usiku, na blok aliyokuwa. Jela ina daftari la zamu, na wakili aweza kuiomba korti iamuru litolewe. Jina lapatikana humo. Kumshtaki "Simba" ni kujitafutia mapingamizi ya bure.

Tatizo la pili ni uhamisho. Askari jela huhamishwa. Wa Shimo la Tewa leo, kesho yuko Manyani, Hola au Malindi. Usiende kumgonga kwenye nyumba za askari ukiwa hujui kama bado yupo. Uliza ofisini kwanza, na ukiambiwa amehama, andika ni nani aliyekwambia na amehamia wapi. Maandishi hayo ndiyo yatakayokusaidia ukienda kuomba njia nyengine.

Tatizo la tatu ni mchezo wa kujificha. Ukimtafuta mara za kutosha pasipo kumpata, kanuni zaruhusu kumwachia mtu mzima wa familia yake anayeishi naye. Mtu mzima, si mtoto wa darasa la sita, si jirani, si dada wa kazi. Na pakiwa hapana wa kupokea, au waliopo wamekataa, nakala hubandikwa kwenye mlango wa nje wa nyumba anayokaa, nawe waeleza kortini uliibandika vipi na nani alikuonyesha kwamba ni nyumba yake. Hapo jiandae kuhojiwa. Jaji atataka kujua ulimtafuta kweli au ulichoka mapema.

Ikishindikana kabisa, rudi kortini uombe ruhusa ya kumfikishia kwa njia mbadala. Ruhusa kwanza, tendo baadaye. Mawakili wengi hukimbilia tangazo la gazeti. Tangazo la gazeti ni ghali, na sijapata kumuona askari jela akisoma kurasa zile za maandishi madogo. Kwa mtu aliye kazini serikalini, mimi huona bora jaji aelekeze karatasi zipitie kwa mkuu wa kituo anachofanyia kazi, au zitumwe kwa simu yake.

Barua pepe na WhatsApp

Tangu mabadiliko ya kanuni ya 2020, nyaraka zaweza kufikishwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu. Imetusaidia sana, hasa kwa ofisi za serikali zinazotoa anwani rasmi ya kupokelea nyaraka. Lakini si kila namba uliyopewa na mtu mitaani yafaa. Iwe namba au anwani ya mwisho inayojulikana, ambayo mwenyewe huitumia. Tuma faili yenyewe, PDF inayosomeka, si picha nne zilizopindapinda. Andika juu yake namba ya kesi na uyataje majina ya nyaraka ulizoambatisha. Barua pepe ikitumwa baada ya saa za kazi huhesabiwa siku ya kazi inayofuata, kwa hivyo usijivunie ya saa tano usiku ya siku ya mwisho.

Kisha hifadhi ushahidi. Kwenye WhatsApp, piga picha ya skrini yenye namba kamili ya mpokeaji, tarehe, saa na zile tiki mbili. Ukiwa umemhifadhi kwa jina "Afande wa Jela", picha itaonyesha jina hilo na si namba, na hapo huna ushahidi wa maana. Fungua maelezo ya mawasiliano upige picha na hiyo pia.

Mahesabu ya siku

Kesi za haki za msingi zina kanuni zao za 2013, ambazo wengi huziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati ule. Mlalamishi ana siku 15 tangu kufungua petisheni kuwafikishia walalamikiwa, au muda mwengine jaji atakaoagiza. Mwanasheria Mkuu na taasisi za dola wana siku 14 tangu kupokea kujibu kwa hati ya kiapo. Mlalamikiwa mwengine ana siku 7. Wasipojibu, korti yaweza kusikiza bila wao. Ndiyo maana tarehe ya muhuri ni mali: kila siku ya upande wa pili yahesabiwa kutoka hapo.

Jaji akiagiza ufikishe kwa siku 3, ni siku 3, usiniambie kanuni zasema 15.

Petisheni ikiwa na amri ya muda

Mara nyengine mfungwa ni mgonjwa, au maisha yake yamo hatarini, na jaji hutoa amri ya muda mara moja: apelekwe hospitali, asihamishwe, asiguswe. Amri hii yafikishwa tofauti na petisheni, tena siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Ngoja ichapwe, itiwe sahihi na muhuri wa korti. Usiende na maandishi ya kalamu uliyonakili jaji akizungumza. Chini au juu ya amri pawe na onyo kwamba asiyeitii aweza kuadhibiwa kwa kudharau mahakama. Mpelekee Mwanasheria Mkuu, sawa, lakini hii safari mkuu wa gereza ni wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo. Mtake yeye mwenyewe. Akiwa hayupo, mtake naibu wake, na uandike kwamba ulielezwa mkuu hayupo na nani alikueleza. Msomee kwa sauti sehemu inayoamuru. Wengine huniuliza kwa nini nasoma, karatasi si imeandikwa? Nasoma ili nikiapa kwamba alijua, niwe najua ninachoapa.

Hati ya kiapo

Muhuri pekee hauingii kortini ukajisemea. Aliyepeleka lazima aape. Hati ya kiapo ya kufikisha nyaraka ina mfano wake kwenye kanuni, Fomu namba 4, na mawakili wanayo kwenye kompyuta zao. Hapo ndipo uvivu huingia. Wachukua ya kesi ya mwezi jana, wabadilisha jina, wasahau tarehe, na askari jela ajikuta "alipatikana dukani kwake Marikiti".

Hati yangu husema haya: mimi ni nani na leseni yangu, siku niliyozipokea nyaraka na kutoka kwa nani, nyaraka zenyewe kwa majina, moja moja, si "nyaraka za kesi", siku na saa niliyofika, mahali, kwa maelezo ambayo mtu mwengine angeweza kuyafuata akafika, niliyemkuta, cheo chake, na nilimjuaje. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Ikiwa sikumjua, nani alinionyesha? Kanuni yataka jina na anwani ya aliyenitambulisha. "Nilielekezwa na mtu" si jibu. Kisha nasema alichokifanya: alipokea akasaini, alipokea akakataa kusaini, alinifukuza. Nakala yenye muhuri naiambatisha kama kielelezo.

Kiapo chaliwa mbele ya kamishna wa viapo, nawe watia sahihi ukiwa mbele yake. Usiape Jumatatu kwa safari ya Jumanne eti kuokoa wakati. Upande wa pili ukidai haukupewa, korti yaweza kukuita uhojiwe chini ya kiapo, na wakili wa serikali hataanza na sheria. Ataanza na lango: lina rangi gani, ulipita mkono gani, aliyepokea alikuwa amekaa au amesimama. Aliyekwenda kweli hujibu bila kufikiri. Kijidaftari changu nakiweka hata kesi ikiwa imelala mwaka mzima.

Kama huna pesa

Ibara ya 22 ya Katiba yasema kusiwe na ada ya kufungua kesi za namna hii. Haisemi nani atalipa fotokopi, nauli na kamishna wa viapo. Ukiwa huna, mwambie naibu msajili, au siku ya kwanza ya kutajwa omba jaji aelekeze korti yenyewe iwafikishie walalamikiwa, au ufikishaji uwe wa elektroniki. Ibara ya 159 yawataka majaji wasitukuze taratibu kuliko haki, na wengi hukubali ukiomba mapema. Ukiomba siku ambayo ulipaswa kuwa umeshafikisha, hiyo ni hadithi nyengine. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016, na hapa pwani Kituo Cha Sheria na MUHURI, mashirika ya kutetea haki, wamezoea mambo ya wafungwa. Marekani, mfungwa aliyeruhusiwa kushtaki bila kulipa ada yote mapema katika korti za shirikisho hupelekewa karatasi na maofisa wa serikali wenyewe, wale mamarshali, na muda wa kawaida ni siku 90. Sisi bado twapanda matatu.

Baada ya mara ya kwanza

Petisheni ikishafika, watu hupumua wakasahau zilizobaki. Korti ikitoa tarehe ya kutajwa upande wa pili ukiwa haupo, kuna taarifa ya tarehe hiyo ya kufikisha. Ukiongeza hati ya kiapo nyengine, nayo ifike. Mawasilisho ya maandishi, nayo. Wakili wa serikali akishaingia kwenye kesi kwa jina lake, karatasi zote za baadaye mpelekee yeye, kwa anwani aliyoiandika kwenye hati zake, si kuanza upya mlangoni kwa jela.

Napita Fort Jesus nikielekea kortini. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mara nyengine najiuliza mfungwa wa mle angempelekea nani samansi.

Siku mbili tatu kabla ya tarehe, hakikisha hati ya kiapo imepandishwa kwenye mfumo wa korti wa kufungulia kesi, chini ya namba yenu yenye herufi E, maana kilichopo mkononi mwako na hakipo kwenye mfumo, jaji hakioni. Chapisha nakala moja hata hivyo, mtandao wa korti nao huwa na siku zake. Orodha ya kesi itazame jioni iliyotangulia, ujue ni korti gani na ni namba ngapi kwenye foleni. Na ikiwa wakili wa mfungwa hakuweza kuja, wewe jamaa ukiitwa usieleze kesi. Jaji akiuliza kama walalamikiwa wamefikishiwa, mjibu kwamba wamefikishiwa, tarehe fulani, hati ya kiapo imewekwa tarehe fulani, na siku zao za kujibu zimekwisha. Kisha omba tarehe ya kusikizwa.